Josias Afundisha kwa Ajali Zilizokwisha Kutokea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Wandegeya. Josias anachuchumaa kwenye kituo cha bodaboda anakofanyia kazi na kupanga vitu chini: kiberiti ni lori, kizibo cha soda ni pikipiki.

"Mvua inanyesha. Lori limewasha indiketa ya kushoto. Abiria wako amechelewa," anawaambia madereva wapya watano. "Unapita wapi?"

"Kushoto, yaya. Si kuna nafasi?" anajibu Santo, mmoja wao, akimwita kaka mkubwa kama wasemavyo kwao Josias.

"Basi umekufa. Habari nimpelekee nani, mke wako ama mama yako?"

Wenzake wanacheka. Josias hacheki.

Ajali hiyo ilitokea kweli. Aliyekufa ni Guerschom, mdogo wake, siku ya tisa tu kazini.

"Kijitabu cha kanuni za barabarani alikijua kama Baba Yetu!" anafoka Josias, mkimbizi kutoka Bukavu mwenye miaka 38. "Lakini kijitabu hakina mvua. Hakina abiria wa kukugonga mgongoni, 'Haraka, ssebo! Haraka, bwana!'"

Wanaochunguza namna akili inavyojifunza wangemwelewa. Akili hubeba machache kwa mara moja. Kanuni tupu huponyoka. Lakini ikifungwa kwenye kisa, mtu akaamua mwenyewe na kukosea bila kuumia, humrudia siku ya hatari.

Tangu mwaka jana amefundisha wapya kumi na saba kwa njia hii. Wote wako hai. Hata hivyo, huenda leo akafukuzwa.

Kosa lake? Juzi alionyesha kwa kiberiti na vizibo ajali ya mwenyekiti wa kituo, Abdul-Latif, aliyepita taa nyekundu na kumvunja abiria mguu. Kwa desturi ya hapa, chanzo cha ajali hakiulizwi. "Tunachanga, tunazika, tunasema ni Mungu," anasema Josias. "Mungu ndiye aliyekuwa ameshika usukani?"

Mwenyekiti anafika, amefura.

"Umenivua nguo mbele ya watoto, Josias. Ukiendelea, rudisha kizibao cha kituo."

"Sasa nami nivue zangu, mzee." Josias anawageukia wanafunzi. "Guerschom nilimfundisha mimi. Nilimwambia, 'Popote penye nafasi, pita.'"

Hakuna anayecheka. Abdul-Latif anatazama pembeni, kisha anaondoka bila kutoa hukumu.

Josias haisubiri hukumu hiyo. Kesho atafundisha tena.

"Akinifukuza nitahamia kituo cha Nakasero," anasema. "Kule pia kuna kijana anaanza kazi Jumatatu, na bado hakuna aliyemuuliza, 'Unapita wapi?'"