Koki Kwenye Bomba la Kupumulia

Kwa miaka mitatu Swaran Singh aliomba jambo moja tu, na aliliomba bila haya: kwamba siku moja Kishore aseme mbele za watu alichokifanya mtaani Lozells. Hakumwombea kifo wala maradhi. Kifo kingemfunga mdomo, na Swaran aliutaka mdomo ule ukiwa wazi.

Swaran, fundi wa boila, alizaliwa Kisumu, akajifunza kazi Kericho, kwenye kiwanda cha chai ambako boila zilikula kuni kutwa kucha, na mzee aliyemfundisha alimzaba kofi kila alipoupa moto kisogo. Alifika Birmingham akiwa na miaka ishirini na sita, akasomea gesi, akapata cheti, akapanga nyumba mtaa wa Saltley na hakuhama tena. Mafundi wa gesi wamejaa tele mjini humu. Wanaojua kuunganisha moto wa kuni na moto wa gesi kwenye tangi moja la maji ya kuoga ni wa kutafuta kwa tochi. Gesi inatii: ukibonyeza kitufe, inazimika. Kuni hazina kitufe. Zikishika zimeshika, maji yatachemka utake usitake, na ndiyo maana fundi mwenye akili huacha bomba moja wazi kutoka tangini hadi darini, mvuke upate pa kutokea. Bomba hilo Swaran aliliita la kupumulia. Halifungwi, kwa sababu yoyote ile.

Kishore alikuwa mshirika wake kwa miaka kumi na minane. Mgujarati wa Nakuru, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekulia katikati ya maboksi ya koki, na hata uzeeni akiona bomba lisilo na koki anaona kazi haijaisha. Mmoja wa Kipunjabi, mwingine wa Kigujarati, wakawa wanagombana na kupatana kwa Kiswahili. Wateja wao wengi walikuwa Wakongo wa Lozells, waliofurahi kupata Wahindi wa kuelewana nao.

Bei ya gesi ilipopanda, Léocadie, mjane kutoka Bukavu anayeongoza kwaya ya kanisa lao, ambaye wengi humwita Mama Merveille, aliwaita wamwekee jiko la chuma la kuni lisaidiane na boila yake ya gesi. Swaran alichora, akaunganisha, akajaribu siku tatu mfululizo, ndipo akaenda Kisumu kumzika dada yake. Huku nyuma Léocadie akalalamika kwamba mvuke unamloweshea masanduku yake darini. Kishore akapanda na kifaa mkononi, akakata bomba la kupumulia, akatia koki, akaifunga, akashuka ameridhika na nafsi yake. Disemba ikaja baridi ya kutisha, bomba dogo linaloleta maji tangini likaganda, na maji yaliyokuwa yakichemka yakakosa pa kwenda juu na chini. Tangi lilipasuka saa nne asubuhi, Léocadie akiwa mlangoni pa kabati lake anatoa taulo. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole.

Kishore alifika mapema, akaing'oa ile koki kabla mtu hajauliza kitu. Kisha akaanza kuzunguka. Hekaluni alisema, kanisani kwa Wakongo alisema, madukani Alum Rock alisema: Singh amechanganya mioto miwili isiyopatana, ameleta mambo ya Kericho kwenye nyumba za watu. Swaran aliporudi alikuta simu yake imekuwa bubu. Aliona alama mpya za kukatwa kwenye kipande cha bomba kilichobaki, akajua kilichotokea, lakini alama ile ingemwambia nini mtu asiyewahi kushika bomba? Aliishia kusafisha mifereji ya mapaa, yeye, mtu wa boila. Na kila alipomsalimia Léocadie, mama yule aliuficha mkono ndani ya kitenge na hakujibu.

Basi siku ya pili baada ya Krismasi, mchana, simu ya Swaran ikaita; aliyepiga ni Kishore. Sasa alikaa mtaa wa Moseley, kwenye nyumba kubwa ya matofali mekundu ya zamani, na mkewe alikuwa Leicester kwa wajukuu. Vijana wa kampuni fulani walikuwa wamemwekea jiko la kuni na boila ya gesi kwenye tangi moja, ule ule mchanganyiko aliokuwa akiulaani. Jiko limewaka tangu asubuhi, alisema, na sasa mabomba yanagonga, nyumba nzima inatetemeka. Mafundi wa gesi aliowapigia walisema kuni haziwahusu.

Swaran alimwambia afunge tundu la hewa la jiko, asiongeze hata kijiti, na afungulie maji ya moto kila mahali. Hata chuki yake ilikuwa na ufundi. Halafu akamuuliza polepole kama kuna koki darini. Kishore akasema ndiyo, aliitia mwenyewe juzi, mvuke ulikuwa unaharibu zulia. Swaran alishangaa mpaka akakaa kitako. Mtu huyu alikuwa ameusema uongo wake mara nyingi mno, mpaka ukamwingia akauamini, akasahau kwamba koki ndiyo iliyopasua tangi.

Badala ya kwenda moja kwa moja, alipitia Lozells. Alimwambia Léocadie mlangoni kwamba kitu kama kile kilichomuunguza kipo Moseley, kizima, na anaweza kukiona kwa macho yake. Kama ni uongo, alisema, amtangaze kwa kwaya nzima. Léocadie akachukua koti. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemwonyesha chochote.

Walipofika, Swaran alipanda darini peke yake akaikuta koki, shaba inayong'aa, imekazwa barabara. Aliifungua. Mvuke ukatoka kwa kishindo, tangi likashusha pumzi, na hatari ikaisha hapo hapo. Mabomba yangeendelea kugonga kidogo hadi yapoe. Alijua hayo yote, akashuka, akavuta kiti mbele ya jiko, akakaa, na hakumwambia mtu.

Léocadie alikuwa amesimama karibu na ukuta. Bomba lilipogonga, aliushika mkono wake mbovu kwa ule mzima.

"Singh, fanya kitu bana," Kishore alisema. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Hii moto haina switch, bhai. Lakini wewe una mdomo. Mwambie Mama Merveille nani alitia koki Lozells."

Kishore akaanza habari za michoro, za mabomba membamba, za baridi ya mwaka ule. Bomba likagonga tena, kwa kishindo kuliko mara zote. Swaran akakunja mikono. Utamu alioupata dakika ile hakuwahi kuupata kwenye chakula wala kwenye usingizi, na alitamani usiishe.

"Ni mimi," Kishore akasema. "Nilitia, na nikaitoa baada ya kupasuka. Singh hakuwa hata nchini. Sasa fanya kitu."

Swaran alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku ile, na alicheka kwa sauti. Akamwambia hakuna cha kufanya, koki ameshaifungua, hapo mabomba yanagonga tu yakipoa. Akageuka kwa Léocadie akitegemea kuona uso uliomnunia miaka mitatu sasa umekunjuka.

Léocadie alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Ulifungua saa ngapi, Papa Singh?"

"Tulipofika tu, Mama Merveille."

"Donc, basi, weye ulijua hatutakufa. Miye sikujua. Nilisimama hapa na huu mukono, nangoya ipasuke tena, na weye ulikuwa unaniangalia tu."

Swaran alisema alitaka tu aujue ukweli. Léocadie akamjibu kwamba ukweli angeweza kumwonyesha kule juu, mbele ya koki, bila kumtisha. Hakupaza sauti. Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, kisha akamnyooshea Kishore kidole.

"Dimanche, siku ya Mungu, huyu atasimama mu kanisa mbele ya batu bote, aseme ya koki. Akimaliza kusema, weye utasimama, useme ya leo."

Kishore aliitikia haraka haraka. Swaran alichelewa, lakini naye akaitikia. Alitaka kumrudisha kwa gari, Léocadie akasema atapanda basi.