Honi Mbili kwa Syokau

Wahome alikuwa dereva wa mradi wa kujaribu dawa ya maumivu ya viungo, mtu wa maneno machache hata nyumbani kwake. Ofisi na kliniki ya mradi zilikuwa Kilimani, Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa mtaa wa Kangemi wakapimwe, kisha kuwarudisha. Gari halikuweza kuingia vichochoroni. Kwa hivyo alisimama kwenye kona karibu na nyumbani kwa kila mmoja, akapiga honi mbili, akangoja kidogo, na asipoona mtu akaenda zake. Ndivyo alivyoagizwa. Mgonjwa aliyekosa mara mbili alihesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe.

Katika abiria wake wote, Syokau ndiye aliyemzoea zaidi. Mama huyo alifulia watu nguo Kitisuru mpaka vidole vikakunjika. Alipenda kukaa nyuma ya dereva na kumchokoza njia nzima.

"Wahome, leo pia umemeza ulimi? Ama bibi yako amekukataza kuongea na sisi warembo?"

Wahome aliona haya, akakaza macho barabarani, na gari zima likacheka.

Dawa ilimfaa Syokau mwanzoni. Vidole vilinyooka, akawa anaonyesha kila mtu jinsi anavyofunga vifungo vya sweta. Kisha siku moja akaja na malapa, miguu imevimba, viatu vimekataa kuingia. Safari iliyofuata alipanda gari akihema kama mtu aliyebeba gunia mlimani. Baada ya hapo Wahome alipiga honi asimwone. Akapiga tena zamu nyingine, kimya.

"Huyo ametoka," muuguzi Lornah akamwambia kule kliniki. "Usipite huko tena."

Wengine waliokuwa wameanza kuja na malapa nao walitoka vivyo hivyo, mmoja mmoja. Haukupita muda, Wahome akasikia kwa abiria kwamba Syokau amezikwa kwao Ukambani.

Tangu siku hiyo hakuipita ile kona bila mkono wake kwenda wenyewe kwenye honi. Kiti cha nyuma yake kikiwa kitupu, alisikia mtu akihema hapo. Akitazama kwenye kioo, hakuna mtu.

Mwaka wa 2005 dawa ikaanza kuuzwa madukani. Gazeti lilisema utafiti umeonyesha ni dawa nzuri, haina madhara makubwa. Wamucii, mke wa Wahome, ambaye magoti yalikuwa yamemtesa miaka mingi, aliinunua River Road bila kumwambia. Akapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, akacheka kama msichana. Kisha Jumapili moja akatoka chumbani na kitenge chake kizuri na malapa.

Wahome akaikazia macho miguu yake. "Viatu viko wapi?"

"Vinanibana. Kwani umeanza kukagua miguu yangu uzeeni?"

"Mama Shiku, wacha hiyo dawa."

"Niwache nirudi kutambaa? Madaktari wameandika kwa gazeti iko sawa. Wewe ni dereva, Baba Shiku. Endesha gari."

Jumatatu Wahome alimfuata Lornah jikoni mwa kliniki na kumuuliza kama dawa ile ina neno. Lornah alisukuma mlango ukafungika.

"Mzee Wahome, waliotoka hawakuhesabiwa kwenye matokeo. Na kuna nchi nyingine walifanya utafiti kama wetu. Watu walivimba, wakalazwa. Huo utafiti, kampuni ya dawa imeuweka kabatini. Ni kampuni inalipa, ni kampuni inasema utafiti gani utachapishwa. Wetu ulitoka kwa sababu uliipendeza."

"Na daktari mkuu anajua?"

"Mshahara wake unatoka wapi? Wangu je? Na wako?"

Wahome alijua hawezi kumweleza mkewe maneno hayo yakaeleweka. Kwa hivyo asubuhi iliyofuata alimpakia kwenye gari la mradi, akaenda Kangemi hadi kona ya Syokau. Alitaka kushuka abishe hodi kama mgeni. Mkono ukatangulia. Honi mbili.

Nzula, binti wa Syokau, alitoka kichochoroni mbio, povu la sabuni mikononi. Alipoona ni nani, akasimama.

"Ni wewe. Nilidhani nimeota."

"Pole kwa mama," Wahome akasema.

"Alikuwa akisikia hiyo honi anaamka, anashika ukuta, anapumzika, anashika tena. Akifika hapa umeenda. Mara ya tatu akavaa mapema, akakaa kwa hilo jiwe tangu asubuhi. Haukuja. Akasema, labda Wahome ni mgonjwa, tumwombee."

Wahome aligeuka akalitazama lile jiwe.

Wamucii aliteremka polepole, akishikilia mlango. "Mwanangu, miguu ya mama yako ilikuwa aje?"

Nzula alitazama malapa ya Wamucii, na vifundo vya miguu vilivyofura juu yake. Alijifuta povu kwenye leso kwa muda mrefu.

"Ilikuwa hivyo tu, mama."

Wamucii alitoa pakiti ya dawa mkobani, akampa mumewe bila kumtazama. Alirudi garini, akakaa kwenye kiti cha nyuma ya dereva.

"Nipeleke hospitali, Baba Shiku."

Wahome aliwasha gari. Kabla hawajafika barabara kuu, alisikia mtu akihema nyuma yake. Alitazama kwenye kioo. Safari hii kulikuwa na mtu.