Viti Viwili kwa Bei ya Kimoja

Katika soko lote la Rumonge hapakuwa na mtu wa kumshinda Kadidja kwa maneno ya bei. Alikuwa akikamua mawese na kuyauza mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, na kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa aliona ni sawa na kutukanwa. Wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wakimwona anakuja walipandisha bei mapema ili wapate pa kushukia. Mumewe, Asmani, fundi cherehani wa kanzu na kofia, alikuwa kinyume chake kabisa. Ukimwambia kitambaa ni faranga mia, alitoa mia na kushukuru.

Asmani hakutaka mengi duniani. Alitaka kuhiji. Kwa miaka mingi alikuwa akiwashonea kanzu watu wanaokwenda Makka, akawapokea waliporudi, akawabusu mikono, kisha akarudi kukanyaga cherehani yake barazani. Ukifanya hivyo mara tano sita, hata moyo wa mtu mpole unaanza kuuma.

Wakati wa Wabelgiji ni kampuni moja tu iliyokuwa na ruhusa ya kubeba mahujaji kutoka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Bei ilipangwa na serikali, na ilikuwa bei ya kumtoa mtu machozi. Lakini ndege iliondoka siku iliyosemwa na kurudi siku iliyosemwa, na ikiharibika kampuni iliwalaza watu hotelini na kuwalisha, maana isipofanya hivyo ingenyang'anywa ruhusa. Mwaka wa uhuru Asmani alikuwa amekwisha kukusanya nauli ya mtu mmoja. Alishona kanzu yake mwenyewe, akaikunja, akaiweka sandukuni.

Kisha serikali ikalegeza kamba. Mwenye ndege yoyote akaruhusiwa kubeba watu, apange bei anayoitaka, apatane na abiria wake. Uhuru wa nchi ulikuwa haujazoeleka vizuri, tukaongezewa na uhuru wa anga. Kadidja alizipokea habari hizo kwa vigelegele. Hatimaye soko lilikuwa limepanda juu mpaka kwenye ndege, na sokoni ndiko alikokuwa yeye.

"Baba Zuwena, usiende mwaka huu," alimwambia mumewe. "Bei iko inashuka. Tungoje kidogo, ile pesa ya mutu moja itabeba watu wawili."

"Na nikikufa mbele ya kwenda?"

"Utakufa na nini? Uko na afya kunishinda mimi."

Asmani akangoja. Hakuwa mtu wa kubishana, na zaidi ya hayo alimpenda mkewe na alitaka waende pamoja. Mwaka uliofuata bei ilishuka kweli. Mwaka wa pili ikashuka tena. Mawakala wa kampuni nne walifika mpaka Rumonge, wakakaa mikekani, wakanywa chai ya watu na kutaja bei kwa sauti za chini utadhani wanatoa siri. Na tuseme haki: wakati huo walikwenda Makka watu ambao hawakuwahi hata kuota kwenda. Mzee Amuri wa Kigwena, mchuma chikichi asiye na viatu, alikwenda na akarudi. Kadidja aliwaona, akahesabu kichwani, akasema bado kidogo.

Ile kampuni ya zamani haikuweza kuruka kwa bei hizo. Ilifunga ofisi, ikaondoka zake, na hakuna aliyeililia. Zilizobaki zikaanza kukatana koo. Ya kwanza ilifuta chakula, ya pili ikafuta mizigo, na ya tatu ikanunua ndege kuukuu iliyokwisha kuchosha watu wa nchi nyingine. Ya nne watu waliiita Mkia Mwekundu, na hiyo ilifanya jambo jepesi kuliko yote: iliuza viti vingi kuliko ilivyokuwa navyo. Wasafiri wa Rumonge wangejuaje? Tiketi ilikuwa karatasi nzuri yenye muhuri.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 Kadidja alipata alichokuwa akikitafuta, viti viwili vya Mkia Mwekundu kwa bei ya kimoja. Aliinunua furaha hiyo kwa Hyacinthe, wakala kijana kutoka Kivu ya Kusini, baada ya kumtesa kwa maneno asubuhi nzima.

Kwa Waislamu wa pwani hii ya ziwa, anayekwenda kuhiji anaaga kama anayekwenda kaburini. Anapita nyumba kwa nyumba akiomba radhi kwa kila aliyemkosea, na hata kwa asiyemkosea. Asmani alipita kote. Aliingia hata kwa Amisi, fundi mwenzake, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka kwa sababu ya kugombea nafasi ya baraza. Wakakumbatiana, wakalia, na Asmani akampa cherehani yake kabisa, akisema mwenye kutoka Makka atakaa msikitini na kusomesha watoto. Siku ya kuondoka dufu zilipigwa mpaka kwenye lori. Mtu mmoja akaita, "Hadji Asmani!" na mji mzima ukaitikia. Huko ndiko kuwahi kwetu. Tunampa mtu jina kabla hajavuka hata Muhuta, njiani kwenda Bujumbura.

Bujumbura, uwanja wa ndege ulikuwa umejaa mashuka meupe. Ndege ya Mkia Mwekundu ilikuja, ikapakia nusu ya watu, ikaondoka. Itarudi kesho, waliambiwa. Kesho yake haikurudi, kwa sababu kulikuwa na mahujaji wa nchi nyingine waliolipa vizuri zaidi, nayo ilikuwa huru kuwafuata. Kadidja na Asmani walilala kwa jamaa zao mtaa wa Buyenzi, kila asubuhi wakienda uwanjani na masanduku yao. Siku ya Arafa, siku ambayo asipokuwapo mtu kwenye uwanja wa Arafa hija yake haipo, iliwakuta Buyenzi wanapasha uji.

Kadidja alikwenda kwenye ofisi ya serikali. Karani alimsikiliza kwa adabu zote.

"Mama, zamani tungewakamata," alisema. "Sasa hivi kila mutu iko na ruhusa. Bei ulipatana nao wewe mwenyewe, si sisi."

"Kwa hiyo niende wapi?"

"Uende kwa Hyacinthe."

Hyacinthe naye alikuwa analia mlangoni pake, maana kampuni ilikuwa imemwacha bila mshahara. Kadidja alikuwa amekuja na matusi ya kutosha, lakini alipomwona alikosa hata moja. Njiani kurudi Rumonge alifika mahali pa kusema neno baya. Lori lilikuwa limesimama Kabezi, naye akamshauri mumewe washuke hapo, wangojee waliofika Makka warudi, kisha waingie Rumonge pamoja nao.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Mimi," Asmani alisema, akageuzia uso upande wa ziwa.

Watu wa Rumonge waliwapokea kwa huruma, na huruma yao ndiyo iliyomuua Asmani moyo. Hakuna aliyecheka. Waliona aibu kumvua jina walilompa, basi wakaendelea nalo: amahoro Hadji, karibu Hadji, Hadji umeamkaje. Kila aliyemsalimu alimchapa kofi bila kujua. Amisi alileta cherehani kichwani, Asmani akakataa kuipokea. Alikaa ndani. Kadidja alimpikia samaki wa mukeke kwa mawese mapya, chakula alichokipenda kuliko vyote, naye akala kidogo na kusema murakoze, asante, kwa adabu ile anayopewa mgeni. Hakumlaumu hata siku moja. Kadidja angelipa chochote alaumiwe.

Msimu wa hija wa 1972, mwezi wa kwanza, Kadidja aliuza shamba lake la michikichi, akaenda Bujumbura kwa kampuni ambayo angalau ilikuwa ikifika, akaulizia kiti kimoja. Walipomtajia bei alikubali palepale. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na ilimuuma asivyotegemea, kwa sababu aliona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Alirudi na kumweleza mumewe.

"Nenda wewe peke yako. Mimi nitabaki."

"Nitaaga nani?" Asmani aliuliza. "Nilikwisha kuaga. Watu walilia. Niende tena mulango kwa mulango, niwaambie mulie mara ya pili?"

"Basi uende bila kuaga."

"Nikahiji kama mwizi?"

Kiti kile alikikalia mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwezi wa nne bunduki zililia Rumonge. Waasi walishambulia mji, kisha askari wakaja, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kujua unamkimbia nani. Binti yao, Zuwena, alipata boti ya kwenda upande wa Kongo, akaja kuwachukua wazazi na watoto wake. Asmani aliwabebea mzigo mpaka majini. Akawapandisha wajukuu mmoja mmoja. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akasimama mchangani.

"Panda, baba Zuwena," Kadidja alisema.

"Mimi nilisafiri mwaka jana."

Zuwena alimsihi, mwenye boti akamtukana, watoto wakalia. Hakusogea. Boti ilipoanza kusukumwa, Kadidja aliinuka katikati ya watu, akapiga kelele ambayo pwani nzima iliisikia.

"Asmani! Nipe radhi! Ni mimi nilikungojesha!"

Asmani alifungua mdomo. Injini ikawaka wakati uleule, na moshi ukawa katikati yao.

Waliishi mji wa Baraka, ng'ambo ya Kongo, kwa jamaa. Miezi ilipita, kisha Amisi akavuka ziwa, amekonda, akamkuta Kadidja anatwanga. Alimweleza yote akiwa amesimama. Asmani alichukuliwa nyumbani pamoja na wanaume wengine wa mtaa, na hakuna aliyeonyeshwa alikozikwa. Mpaka siku ile, jioni zote, alikuwa akija kuketi barazani kwa Amisi, wakizungumza mambo ya zamani.

Kadidja aliweka mchi chini. Hakuuliza nani alimchukua, wala alikuwa amevaa nini.

"Katika mazungumzo yenu, alisema kitu juu yangu?"

Amisi hakujua kudanganya, na siku ile lingekuwa jambo zuri kama angejua.

"Hapana, shemeji," alisema. "Hakukutaja."