Ukurasa Kwanza, Ugali Baadaye

Mzee Kailash alikuwa na duka ya vitambaa Biashara Street, na Peres alimshonea mapindo ya sari kwa cherehani ya nyuma. Kila asubuhi mzee akifika, anafungua geti ya chuma nusu tu, anawasha udi, anavaa miwani, anasoma ukurasa mmoja wa kitabu yake ya maombi. Mmoja tu. Lakini mpaka uishe, hakuna mtu anaingia. Siku moja mama ya bibi arusi alisimama nje akigonga geti na funguo ya gari, pesa iko mkononi, anaita, "Kailash bhai! Harusi ni kesho!" Mzee hakuinua hata nyusi. Alimaliza, akafunga kitabu, ndiyo akafungua. Na yule mama aliingia akanunua, tena sana.

Peres aliona hiyo kitu akaenda nayo nyumbani.

Maana kwake mtaa wa Jamhuri, kwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, alikuwa na aibu mpya. Ilikuwa 2004, shule zimejaa mpaka madirishani tangu serikali iseme ni bure. Ticha aliuliza darasani nani anasoma kwao nyumbani. Jacklyne, msichana wake wa darasa la pili, akasimama akasema, "Kwetu hakuna. Mama anapika, baba analala." Ilikuwa ukweli mtupu, na ndiyo maana iliuma. Peres aliachia shule darasa la sita. Herufi alikuwa nazo, zimeshika kutu tu. Lakini watoto watatu, cherehani kutwa, halafu kutembea kutoka tauni mpaka Jamhuri, taimu angetoa wapi? Kila siku alisema nitaanza wikendi. Wikendi nayo inakuja na beseni ya nguo.

Basi akanunua kitabu ya hadithi kwa wale wanatandaza vitabu chini kando ya barabara, haina hata jalada, akaweka sheria kama ya mzee. Jioni maji ya ugali ikishakaa kwa stovu, kitabu inafunguliwa. Anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, watoto wamemzunguka. Unga haiingii kwa sufuria mpaka ukurasa uishe.

Siku ya kwanza maji ilikauka mara mbili. Aliongeza, akaendelea, kidole juu ya neno, jasho kwa pua. Nashon, bwana yake, fundi wa kuchomelea vyuma hapo Ngong Road, alikaa kitandani akimwangalia.

"Kwani unasomea udaktari?"

"Eeh. Nikutibu hiyo mdomo."

Wiki tatu hakuruka hata siku moja. Siku ya homa alisoma amejifunika blanketi. Watoto wakaanza kupigania nani atakaa karibu. Nashon yeye alisikia njaa tu, na badala ya kuongea na bibi yake kama mtu mzima, akaenda kulia kwa kaka yake.

Huyo kaka, Omollo, mchinjaji wa Dagoretti, alikuja Jumapili jioni na kilo ya matumbo kwa gazeti. Alikalia kiti moja iliyoko, akapanua magoti.

"Shemeji, nasikia hapa mwanaume anangojea karatasi. Tangu lini?"

"Tangu tarehe tatu," Peres akasema, akibandika maji.

"Unanijibu?"

"Si umeuliza, shemeji?"

Watoto wakacheka ndani ya viganja. Omollo hakucheka.

"Kwetu bibi anaweka chakula mezani, ndiyo anafanya vitu yake. Leo mimi ni mgeni hapa. Ukifungua hiyo kitabu kabla sijakula, Ijumaa Nashon anakupandisha basi urudi kwenu. Nimemaliza."

Peres alimjua Omollo. Huyo mtu hakuwa anatisha bure. Lornah, bibi ya ndugu yao mdogo, alipandishwa basi na sanduku yake kwa sababu ya maneno kidogo kuliko hayo, na watoto wakabaki. Peres akamwangalia Nashon. Nashon akaangalia viatu yake. Mwanaume mzima!

Lakini alijua pia kitu ingine. Akiruka leo kwa sababu ya mgeni, kesho atakuja mgeni mwingine, kesho kutwa ni nguo, halafu ni wikendi tena. Akavuta mfuko wa unga akauweka kwa miguu ya Omollo, mwiko juu yake.

"Shemeji, unga ndiyo hiyo. Maji inachemka. Mikono Mungu alikupatia miwili. Mwenye haraka asonge."

Akafungua kitabu, akaanza kusoma. Mistari miwili ya kwanza alijikwaa, wa tatu ukatoka sawa.

Omollo aliinuka polepole, akingojea mtu amshike mkono amwambie keti. Hakuna aliyemshika. Akachukua matumbo yake, eti mgeni huyo, akageuka mlangoni. "Nashon! Wewe ni mwanaume ama ni kiti?" Akaenda zake.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mrefu.

"Peres, maji inakauka," Nashon akasema.

Peres akasoma.

"Mama Jacklyne. Maji."

"Baba, nyamaza," Jacklyne akasema. "Tumefika mahali patamu."

Nashon alikaa. Tumbo ikalia, wote wakaisikia. Mwishowe akaokota mwiko, akamwaga unga, akasonga kama mtu anachanganya simiti. Ugali ikatoka na madonge ya unga, wakaila na mboga ya sukuma ya mchana.

Ijumaa ikafika, na hakuna mtu alipandishwa basi. Lakini msimpigie Nashon makofi. Alishika mwiko kwa sababu ya tumbo yake, si kwa sababu ya akili. Peres naye hakumwambia asante, wala Omollo hakuombwa msamaha mpaka leo. Usiku huo wa Ijumaa, Peres alipomaliza kufuta meza alilamba kidole, akafunua kitabu, akaangalia kama ukurasa wa kesho ni mrefu.