Mkwaruzo Nyuma ya Injini

Dada yangu hakuwahi kuniletea gari lake. Anauza dagaa soko la Mwaloni, kule Kirumba, na pikapu yake ilikwisha kupita mikononi mwa mafundi wa kila pembe ya mji isipokuwa mimi, ninayeshinda gereji Mkuyuni. Sababu aliitangaza waziwazi: fundi ndugu humwezi, ukimgombeza unaambiwa unavunja ukoo. Nilicheka pamoja na wengine, lakini iliniuma.

Siku moja alikuja mwenyewe. Mama alikuwa Musoma, mguu umewekwa vyuma, hawezi kupanda basi, na tulikuwa tumekubaliana aje kukaa nasi. Pikapu ilivuja oili nyuma ya injini, oili ikafika kwenye klachi, na mlimani ikawa inanguruma tu bila kwenda.

"Mama simpandishi humu," alisema. "Nimebadilisha sili mpaka nimechoka."

Nikashusha gia boksi, nikafungua klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Sili yenyewe ni pete ya mpira inayokumbatia mwisho wa kranki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, ili oili isitoke. Ilikuwa mpya kabisa, imepakwa gundi ya gasketi kama siagi kwenye mkate. Huo ndio ugonjwa wetu mafundi: penye shaka tunaongeza gundi.

"Si uing'oe tu na bisibisi?" dada akauliza, amekaa juu ya tairi.

"Ndivyo walivyofanya wenzangu."

Niliingiza skrubu mbili ndogo kwenye sili, mbali na kranki, nikazivuta kwa koleo, moja baada ya nyingine, hadi ikatoka. Gundi kavu niliikwangua kwa kipande cha ubao, kisha nikafuta kwa kitambaa na petroli. Nilianza kazi nikiwa na hasira na wale waliotangulia. Kufuta polepole kukaituliza.

Kranki ilipotakata nikapitisha ukucha. Ukakwama. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa bisibisi, pale pale mdomo wa sili unaposugua. Nikamshika dada mkono, nikamwekea ukucha wake hapo.

"Kumbe kila aliyekuja alikuwa anafunga sili juu ya kidonda," akasema.

Mkwaruzo haukufutika. Sili mpya niliipaka oili mdomoni, lakini sikuizamisha hadi mwisho. Niliiacha nje kidogo, sawasawa pande zote, ili mdomo wake usugue chuma kisicho na mkwaruzo.

Kesho yake dada alipakia magunia, akashinda anapanda na kushuka milima ya mji. Jioni akarudi gereji, akalala chini na kitenge chake, akapeleka mkono chini ya injini. Roho yangu ilikuwa juu. Akatoka, akatazama vidole. Vilikuwa na vumbi tu.

Hakunishukuru. Alitoa simu.

"Shikamoo mama. Fungasha, nakuja. Ndiyo, limepona. Hapana, siyo yule fundi wa Mirongo. Mwanao."

Akanipa simu. Nilikuwa na furaha hata nikawa nacheka tu kabla ya kumwamkia, na mama akabaki anasema haloo, haloo.