Nilimfungia Mke Mwenzangu Mlango

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie pole. Nyinyi mnaosoma makosa ya wenzenu mkinywa chai, halafu mnasema "jamani dunia" na kufungua ukurasa wa michezo, nawajua. Mimi pia nilikuwa hivyo. Kwa hiyo leo someni, mnitukane mkitaka, lakini mfike mwisho.

Mimi ni mke wa mtu. Tunakaa Eastlands, nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, vyumba viwili, na mume wangu ni wa kiwandani. Mwaka ule wa mapigano ya mashamba, mdogo wake aliuawa na nyumba yake ikachomwa. Mjane wake akafika Nairobi na watoto wawili na sufuria moja. Nitamwita Nafula, ingawa si jina lake.

Kwetu magharibi, mtu akifa ndugu yake humrithi mjane. Na wake wa ndugu huitana mke mwenza, kwa mzaha tu. Basi siku Nafula alipoingia mlangoni kwangu, ule mzaha nikauona unageuka kuwa kweli.

Alikuwa mrembo! Hata na kitambaa cha msiba kichwani alikuwa mrembo, na alikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nimezaa watatu na meno mawili yamenitoka. Mume wangu alipomwona alilia, akamshika mkono. Alikuwa akimlilia ndugu yake, lakini mimi niliona ule mkono tu.

Siku zile kanisa letu lilikuwa limefungua ukumbi kwa waliokimbia mapigano. Watu walilala sakafuni, familia na familia zikitengwa kwa leso na magunia yaliyoning'inizwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya akina mama ya chakula. Nikamwambia mume wangu kwamba misaada inatolewa kwa walio ukumbini pekee, kwa hiyo Nafula akikaa kwetu watoto wake watakosa unga na blanketi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Uongo! Chumba tulikuwa nacho. Watoto wetu wangelala na wake kama wanavyolala watoto wote wa mtaa huu.

Sasa sikieni la kamati. Tulikuwa tumeamua chakula kichukuliwe na mzee wa kila familia. Mwanamke asiye na mume anawekwa chini ya mwanamume fulani, huyo ndiye anayemchukulia. Wanawake wote kwenye kamati tulikubali. Hata matangani si wazee ndio hupakuliwa kwanza? Hakuna aliyeuliza yule mwanaume akikataa kumpa mama unga wake, mama atafanya nini.

Nafula nilimweka chini ya Mzee Barasa. Naye jina si lake, ingawa angestahili kuandikwa kwa rangi. Barasa alikuwa wa ukoo mmoja na waume zetu, tena ndiye aliyekuwa mlinzi wa ukumbi. Mtu wa nyumbani! Nairobi hii mtu wa nyumbani ndiye benki yako na ndiye polisi wako. Lakini si hilo lililonifanya nimchague. Nilijua Barasa hana mke. Nikasema moyoni, huyu akimchukua, mimi nimepona.

Haukupita muda, Nafula akanijia nyuma ya ukumbi nikichagua maharagwe. Alikuwa akiongea kwa lugha ya kwetu, polepole, macho chini. Barasa alikuwa ameshikilia unga wake, anataka aufuate upande wake wa pazia. Akienda chooni anamfuata. Amemshika kwa nguvu, na alipomsukuma akamwambia mjane hana mwenyewe.

"Mke mwenzangu," akasema, "niondoe kwa huyu mtu. Nipe hata kona ya jikoni kwako."

Nikaendelea kuchagua maharagwe. Nikamwambia, "Ulikimbia vita, au ulikuja Nairobi kuchagua?"

Niliyatamka mimi hayo. Kwa mdomo huu ninaopokelea sakramenti!

Halafu Mungu akanipa nafasi nyingine, nikaitupa nayo. Walikuja wageni wa shirika moja la misaada, akiwemo mama mmoja mzungu, mpole, aliyetaka kuongea na wanawake wa ukumbini mmoja mmoja bila wanaume kusikia. Alikuwa anajua Kiingereza tu. Mimi nilifika kidato cha nne, kwa hiyo nikateuliwa kutafsiri. Kamati nzima ilinisifu.

Zamu ya Nafula ilipofika tulikaa watatu katika chumba cha shule ya Jumapili, kwenye vile viti vidogo vya watoto. Mzungu akauliza kama kuna mtu yeyote anayemsumbua. Nikamfikishia Nafula swali kama lilivyo. Nafula akanitazama kwanza mimi. Nadhani alijiambia, huyu mbele ya mgeni hatathubutu. Akasema yote. Alisema jina la Barasa, akaonyesha mkono ulipovilia damu, ila akauonyesha huku ameufunika nusu kwa aibu.

Nikawaza: nikiyasema haya, mzungu atauliza kama huyu mama hana jamaa hapa Nairobi. Na jamaa ni mimi. Mchungaji atajua, kanisa litajua, na ukweli wa ile hadithi yangu ya unga na blanketi utafika kwa mume wangu.

Nikamgeukia mzungu nikasema mama huyu anashukuru, mkono aliumia njiani akikimbia, anachoomba ni blanketi moja zaidi. "No problem," nikamaliza.

Nafula hakuwa na Kiingereza, lakini hilo hata mtoto wa nasari analijua. Alinitazama. Akavuta leso akafunika mkono wote.

Na hapo ndipo yule mama akasema, akiandika, kwamba kwa wale wenye shida wana nyumba mahali pa siri, ya akina mama na watoto pekee, yenye vyumba vinavyofungwa kwa ndani, na gari liko nje. Gari liko nje! Ningegeuza maneno hapo hapo. Ningesema nimekosea, nimechanganya. Angeondoka siku ile ile, na mume wangu ningebaki naye vilevile! Lakini mtu akishadanganya mbele ya mgeni huona haya kuliko mbele ya Mungu. Nikamtafsiria Nafula kwamba blanketi italetwa.

Jumapili iliyofuata watu wote wa ukumbini walikuja ibadani. Nafula alibaki kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Barasa alibaki kulinda mizigo. Ukumbi na kanisa vinatenganishwa na uwanja mdogo tu, lakini tulikuwa na kwaya mpya na ngoma, na mimi nilikuwa mstari wa mbele nikipiga makofi. Alimbaka tukiimba. Nafula alipiga kelele, aliniambia baadaye, mpaka sauti ikaisha.

Aliyemkuta wa kwanza ni mimi. Mnajua nilifanya nini? Nilimwogesha. Nilichota maji nikamwogesha kama mtoto, nikachukua gauni lake nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalianika. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa ni kufuta. Kesho yake mke wa mchungaji alipomburuta mpaka hospitali, nesi aliuliza nguo alizokuwa amevaa ziko wapi, na kwa nini ameoga, na kwa nini wamechelewa. Aligomba, na alikuwa na haki. Kituoni askari akacheka, akauliza kama si mambo ya bwana na bibi, maana kwenye karatasi za chakula Nafula alikuwa ni wa Barasa. Tuliandika wenyewe, kwa kalamu ya kanisa.

Wazee wa kwetu wakaingilia kati. Kesi ya nyumbani imalizwe nyumbani, wakasema. Wakampiga Barasa faini ya mbuzi. Mbuzi akanunuliwa Kiamaiko, akaletwa ukumbini, akachinjwa nyuma pale pale nilipokuwa nikichagua maharagwe. Kamati ya akina mama tukampika. Barasa alikula. Wazee walikula, wakapangusa midomo, wakasema sasa kumekuwa na amani. Laana ya amani gani hiyo!

Mimi nilitumwa nimpelekee Nafula sahani yake, eti apokee, iwe amesamehe.

Alikuwa amekaa juu ya sufuria yake iliyopinduliwa, watoto wamelala mapajani. Aliitazama nyama, akanitazama mimi.

"Mimi sikumtaka mume wako," akasema. "Nilitaka mlango tu."

Asubuhi yake aliondoka na watoto wake. Blanketi aliiacha imekunjwa. Lakini kabla ya kuondoka alipita kiwandani, akamngoja mume wangu getini, akamweleza kila kitu, hata la mzungu.

Mume wangu hakunipiga. Ningependa angenipiga, maana ningelia nikamaliza. Alikaa kitandani akavua viatu. Akaniambia kwamba siku ya mazishi ya ndugu yake alisimama mbele ya wazee akakataa kurithi mjane, akasema ana mke mmoja na huyo anamtosha. Mazishi yale mimi sikwenda, nilikuwa nimebaki na watoto.

"Ungeniuliza," akasema.

Tulimtafuta. Mume wangu alienda mpaka kwao Nafula, akamkosa. Nimezunguka Eastleigh nikiulizia kwenye malojingi wanakoajiri wanawake wa kufua mashuka, nimeenda Soko la Burma kwenye vibanda vya nyama wanakoosha vyombo. Hata lile shirika niliwaendea, nikawaambia mimi ndimi niliyetafsiri uongo. Walinisikiliza. Yule mzungu alikuwa ameshahamia nchi nyingine. Barasa yeye yupo, ananenepa, wazee humpa kiti matangani. Nikimwona navuka barabara, na mate nayatema wazi ili aone. Hanijali hata kidogo.

Sasa wewe mama unayesoma haya, mwenye shemeji, mpwa au msichana wa kazi anayekwambia kuna mtu anamsumbua. Usimpime urembo wake. Usimtafutie mwanaume wa kumlinda, hata awe wa ukoo. Kama wewe ndiye mdomo wake mbele ya wageni, sema alichosema, hata kikikuvua nguo wewe. Usimwogeshe, usifue gauni lake. Mpeleke hospitali alivyo, siku hiyo hiyo. Na mtu akikuletea mbuzi wa amani, mrudishe na kamba yake.

Mimi mume ninaye, ndio. Nilimlinda, nikashinda. Anakula nipikacho, analala upande wake. Lakini tangu siku ile hafungi mlango, mchana wala usiku, Eastlands hii! Nikifunga anaamka anafungua, anasema labda mke wa ndugu yake atarudi na watoto akute pamefungwa. Wezi wamekuja, wakabeba redio. Wakarudi, wakabeba sufuria na nguo za watoto. Nafula hajarudi.