Wadudu Waliomchunga Atumani

Jirani yangu Sijaona alipewa jina hilo kwa sababu mama yake, Bi Asiya, alikuwa amezika watoto kabla yake na hakutaka kujisifu mapema. Sisi watu wa mtaa wa Buyenzi hatuna adabu. Alipopata kazi ofisi ya ziwa, kuchungulia matone ya maji kwa darubini, tulicheka kwamba Sijaona analipwa kuona.

Alichotafuta ni wadudu wadogo mno wanaoelea ziwani, chakula cha ndagala, samaki wetu wadogo wa kila siku. Wakipungua wao, ndagala hupungua, na sufuria zetu pia.

Mwaka 1995 vita viliingia mitaani. Mdogo wake, Atumani, fundi wa baiskeli, alikamatwa darajani. Watu walisema ameuawa, akatupwa mto Ntahangwa, nao umempeleka ziwani. Bi Asiya akakataa hitima: maiti haijaonekana, basi mtu hajafa. Kila mchana aliweka sahani ya mwanawe mkekani, chakula kikapoa mbele yetu. Niliiogopa sahani ile, sioni haya kusema. Sijaona alikonda kwa kutaka jambo moja tu, mdogo wake asomewe apumzike.

Akirudi kazini, mama humwuliza, "We, umeona?"

"Apana mama, sijaona."

Siku moja, akitaka kumkatisha tamaa ya kungoja maiti, alimwambia kwamba wadudu wale wa kwenye mlango wa mto hawaachi kitu, hula hata chembe za vilivyooza majini. Bi Asiya alielewa vingine.

"Basi wako naye," akasema. "Wanamuchunga."

Tangu hapo ndagala hakugusa, na wadudu akawa anawaulizia hali kama wakwe. Sijaona alijuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Vita vikaendelea. Magari ya taka yalisimama. Mafuta ya magereji, sabuni na maji ya vyoo vikashuka na mto hadi ziwani. Wavu wa Sijaona ukawa unatoka na utelezi mweusi. Kwenye darubini wadudu walizidi kupungua, mwisho yakabaki magamba matupu. Mkubwa wake, Térence, akamwuliza kama ameona chochote kinachotembea.

"Sijaona, chef," akajibu, akafunika darubini.

Nilikuwa kwao alipofika nyumbani. Sahani ilikuwa mahali pake.

"Wadudu yako iko muzima?" mama akauliza.

Sijaona alikaa chini. "Apana, mama. Yote imekufa. Maji ya pale imekufa."

Bi Asiya akaitazama ile sahani. Kisha akasema taratibu, "Basi muite shehe. Tumusomee. Nani amebaki kule wa kumuangalia mutoto wangu?"

Sijaona alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Atumani akamatwe darajani.

Siku ya hitima watu walizidi vyombo. Bi Asiya akapakua wali kwenye sahani ya Atumani, akanikabidhi mimi. Nilikula, nikamaliza.